Bahasha ya Felista Wakio

Binti aliyerithi kiti changu amenipigia simu mara tatu sasa, na kila mara ombi lake ni moja: niwaandikie, yeye na wenzake, yale niliyoyaona katika miaka yangu ya kulipa watu mishahara pale uwanja wa ndege, Dubai. Nilimwambia mambo ya mishahara hayana hadithi. Mtu anafanya kazi, anasaini, anachukua chake, khalas. Akacheka, akasema basi niandike yaliyobaki. Haya, yaliyobaki ni haya. Vyeo nilivyopanda na nyongeza nilizopata sitavitaja, kwa kuwa havikuwa vingi, na hivyo vichache vyenyewe havina la kumfunza mtu.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Ofisi yetu ilikuwa kibanda cha bati chenye kiyoyozi, huko Al Garhoud, nyuma ya mahoteli. Ndege zilipita juu yetu chini kabisa, hata mtu alikuwa akikata maneno katikati, ananyamaza, ndege ikishapita anaendelea pale pale alipoishia. Mgeni alituona wendawazimu. Kampuni yetu ilipeleka uwanjani watu wa kazi ambazo abiria hawazioni: wasafishaji wa ndani ya ndege, wapakiaji mizigo, na wale wanaosukuma wagonjwa kwenye viti vya magurudumu. Walikuwa watu mia na arubaini, Wahindi, Wabangali, Wakenya, Watanzania na Waganda wachache. Mimi nilikuwa karani wao wa mishahara, Zuhura binti Mbarouk, mzaliwa wa Unguja. Wao wakaniita Mama Bahasha.

Nyinyi mnaolipwa kwa kadi hamjui bahasha zilikuwa nini. Siku ya mshahara pesa zilitoka benki kwenye mkoba wa chuma, tukazihesabu, tukazigawa kwenye bahasha za kaki, kila moja ina jina na namba ya mtu. Mfanyakazi alikuja dirishani, akahesabu mbele yangu, akatia saini. Asiyejua kuandika alitia dole gumba. Nilikuwa na kidau cha wino, sifongo ndani ya kisahani cha maji, na kofia ya mpira ya kuvaa kidoleni ili noti zisishikane. Ile kofia ya kidole ninayo mpaka leo. Haina kazi yoyote, na mjukuu wangu anaivalisha mwanasesere.

Aliyenifunza kazi ni Mzee Hamdani, Mpemba mrefu, mkimya, aliyekuwa amekalia kiti kile kabla yangu. Alinifunza kuhesabu mara tatu: mara moja kwa ajili ya kampuni, mara moja kwa ajili ya mfanyakazi, na mara ya tatu kwa ajili ya Mwenyezi Mungu, maana Yeye ndiye asiyekosea. Alinifunza pia kwamba bahasha hapewi mtu mwingine, hata awe ndugu wa tumbo moja. Na kanuni yake kubwa ilikuwa hii: karani hamuulizi mtu haja yake. "Pesa yake, shida yake," aliniambia. "Ukishamuuliza ya nini, umejifanya baba yake." Nikaiona kanuni njema, na kweli ilikuwa njema. Kuna makarani wanaopenda kuchungulia maisha ya watu kama wanaochungulia chungu cha jirani. Mimi sikuwa hivyo, na nilijisifu kwa jambo hilo.

Felista Wakio alikuja kwetu mwaka wangu wa tatu. Alikuwa msichana wa Kitaita, kutoka Wundanyi, huko milimani Kenya, Mkristo, mwembamba, mchapakazi, na mwenye kicheko cha ghafla kinachokatika ghafla. Kazi yake ilikuwa kusafisha ndani ya ndege. Ndege ikitua, abiria wakishuka, yeye na wenzake walikuwa na dakika arubaini kuokota magazeti, kufuta meza za viti, kunyoosha mikanda na kusafisha vyoo, kabla abiria wengine hawajapanda. Aliniambia mara moja kwamba ameshaingia ndege zaidi ya elfu na ameruka na moja tu, ile iliyomleta. Tulicheka sana. Alikuwa kifungua mimba kwao, na kila mwezi akishachukua bahasha yake alipitia kwenye duka la kutuma pesa kabla hata ya kula. Zilikuwa za baba yake, mzee mwenye kisukari. Haya aliyasema mwenyewe, mimi sikumuuliza.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mkuu wa nchi alifariki. Jina sitalitaja, na anayejua anajua. Redio zote ziliacha muziki zikasoma Kurani, bendera zikateremshwa nusu mlingoti, na serikali ikatangaza kufunga ofisi zake zote kwa maombolezo. Maombolezo yale yalikuja kuungana na sikukuu ya Idi, ofisi zikafungwa, zikafunguliwa kidogo, zikafungwa tena. Ukihesabu yote zilikuwa kama wiki mbili ambazo ukitafuta muhuri wa serikali hupati. Haikuwa hila ya mtu. Nchi ilikuwa msibani.

Lakini uwanja wa ndege haukufungwa hata saa moja. Ulitoka waraka kusema kazi za uwanjani ni kazi muhimu, na wafanyakazi muhimu wasiondoke kazini. Wafalme na marais walikuwa wakimiminika kuja kutoa pole, na kila ndege yao ilitaka kusafishwa, mizigo yake ishushwe. Watu wetu walifanya kazi zamu mbili kwa siku. Na mshahara wao wa mwezi ule ulitegemea hundi ya idara ya serikali iliyotuajiri, na hundi ilitaka saini, na mwenye saini alikuwa msibani. Siku ya mshahara ilifika, mkoba wa chuma ukabaki mtupu. Nilitoka nje nikawatangazia kwamba pesa zitachelewa. Mpakiaji mmoja Mganda aliniuliza kwa upole kama sisi ni watu muhimu kweli au ni kazi tu iliyo muhimu. Nikarudi ndani.

Siku ya pili ya maombolezo nilikuwa kwenye chumba cha wafanyakazi, televisheni inaonyesha maziko. Felista alisimama na ndoo yake akitazama. Akaniuliza, mbona wanamzika upesi hivyo, jana tu ndio amefariki, watoto wa mbali wameshafika? Nikamfundisha, kwa raha ya mtu anayejua, kwamba kwetu Waislamu maiti anaharakishwa. Afe mfalme, afe mchukuzi, siku hiyo hiyo au ya pili yake anatiwa kaburini, na hangojwi mtu. Akaguna. Akasema, "Sasa sisi kwetu, Mama…" Hapo dereva wa basi la uwanjani akapiga honi na kuita yalla, yalla, Felista akakimbia na ndoo yake. Sikumwita amalizie. Baadaye nilipomwona tena wala sikukumbuka kwamba kulikuwa na neno lililobaki.

Wiki ile ilikuwa nzito. Wenye nyumba za kupangisha mtaa wa Satwa hawana habari na maombolezo ikifika siku ya kodi. Watu walikopana mpaka hakuna wa kumkopa. Upatu wao, uliozunguka kila mwezi kwa wasichana kumi na wawili, ulisimama, maana hakuna aliyekuwa na cha kutia. Meneja wetu, Mhindi mpole ambaye sote tulimwita Sir, aliniita akafungua sefu. Kulikuwa na fungu la dharura ndani yake, arbab, mwenye kampuni, alikuwa ameliweka kwa ajali na mambo kama hayo. Lingeweza kulipa watu kumi, labda kumi na mmoja, wakichukua nusu mshahara. Sir aliniambia nichague mimi, kwa kuwa mimi ndiye ninayezungumza na watu na yeye hawajui ila kwa namba zao.

Nilikaa na lile jambo jioni nzima. Watu mia na arubaini, pesa za watu kumi. Nikajiwekea kanuni: aliye hai kwanza. Mgonjwa, mjamzito, mtoto, aliyetolewa nyumbani. Asubuhi nikafungua dirisha, nikasema mwenye shida ambayo haiwezi kungoja aje mmoja mmoja. Walikuja wengi kuliko nilivyotaraji, na wengine walikuja wakaona aibu wakarudi. Mbangali mmoja mke wake alikuwa anangoja kujifungua kwa kupasuliwa. Nikampa. Mtanzania mmoja godoro lake lilikuwa limetupwa barazani na mwenye nyumba. Nikampa. Mmoja alikuja na habari ya harusi ya mdogo wake, nikamwambia bwana harusi hajafa, na angoje.

Siku ya tatu ya foleni ile zilikuwa zimebaki pesa za mtu mmoja tu. Akaja Felista. Alikuwa bado na sare ya kazi, na macho yake yamevimba, lakini wakati ule macho ya wengi yalikuwa yamevimba kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Baba yangu amekufa."

Nilimpa pole kwa moyo wote. Nikamuuliza ni lini, akasema Alhamisi. Siku ile ilikuwa Jumanne. Akasema msimamizi wake ameshamruhusu siku kumi za msiba ingawa waraka unakataza, pasi yake ya kusafiria iko humu humu kwenye sefu, sasa kinachomkwamisha ni tiketi. Wenzake wamemchangia, haijafika hata robo. Wakala wa tiketi wa Oud Metha amekataa kumkopesha. Nusu ya mshahara ingetosha.

Nikahesabu kwa vidole chini ya meza. Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Akilini mwangu yule mzee alikuwa ameshalala kaburini tangu Ijumaa. Khitma ya siku ya tatu imeshasomwa, wageni wameshatawanyika, mikeka imeshakung'utwa. Kilichobaki ni binti kwenda kukaa na mama yake, na hilo ni jema, lakini ni jambo la leo na la mwezi ujao pia. Nyuma yake kwenye foleni alikuwepo mtu ambaye mtoto wake alikuwa kalazwa. Aliye hai kwanza.

Nikamwambia, "Mwanangu, subiri kidogo. Mshahara ukitoka, jina la kwanza ni lako. Uende baada ya Idi, ukakae na mama yako kwa utulivu."

 Akaitazama sefu, akanitazama mimi. "Baada ya Idi itakuwa ni late, Mama."

"Late ya nini? Mama yako hakimbii."

Alinitazama kwa namna ambayo sikuielewa siku ile. Ni namna ambayo mtu humtazama mkubwa aliyetamka jambo lisilotamkika, na adabu inamkataza kumrudi. "Sawa, Mama," akasema. Akapisha. Nikampa pesa yule mwenye mtoto mgonjwa, nikajiona nimeamua kama kadhi.

Hapo ndipo nataka msome polepole, nyinyi mlio dirishani leo. Yeye aliondoka akiamini nimemwelewa na nimemkatalia. Mimi nilibaki nikiamini amenielewa na amekubali. Kuuliza si ujinga, kila mtoto wa shule anaijua hiyo, na lilikuwepo swali moja tu la neno moja. Lakini Mzee Hamdani alinifunza nisiulize, na mimi nilikuwa mwanafunzi mzuri.

Mshahara ulitoka Jumatatu ya wiki iliyofuata. Mkoba wa chuma ulikuja mzito, tukahesabu mara tatu, tukajaza bahasha. Watu walijipanga mpaka kwenye geti la karakana, na kulikuwa na furaha, watu wanasukumana na kutaniana. Nilitimiza ahadi. Nilifungua dirisha nikaita kwa sauti, "Felista Wakio!" Wenzake wakampisha. Alihesabu, akatia saini kwa mwandiko wake wa shule, mzuri sana.

Nikamwambia, "Haya sasa, kimbia ukakate tiketi."

"Ya wapi, Mama?"

"Si ya kwenu? Si ya matangani?"

"Walimzika Jumamosi."

Nilidhani nimesahau siku. Nikamuuliza Jumamosi gani.

"Hii ya juzi."

Nikamwambia haiwezekani, kwani si alifariki Alhamisi ile ya kwanza? Akasema ndiyo. Na ndipo, amesimama pale dirishani, foleni yote nyuma yake, akanieleza kama anavyomweleza mtoto. Kwao maiti huwekwa mochari mpaka watu wake wafike. Baba yake alikuwa mochari ya Voi siku zote zile. Yeye ndiye kifungua mimba, na haikupendeza mzee afukiwe kabla mkubwa wa watoto wake hajamwona na kumtupia udongo. Maziko yalipangwa mara ya kwanza wakamngoja. Yakapangwa mara ya pili wakamngoja. Kila siku mochari inatoza pesa, kila siku wageni wanakula nyumbani, mama yake ameuza mbuzi wote. Mara ya tatu baba yake mdogo alipiga simu akasema, binti yetu, hatuwezi tena. Wakazika Jumamosi, saa nne asubuhi.

"Nilikuwa kwenye ndege," akasema. "Nilikuwa nafuta meza za viti. Nikaangalia saa, nikajua sasa wanamteremsha."

Hakulia. Ningeshukuru kama angelia. Nilitaka kumwambia kwamba sikujua, kwamba wallahi nilidhani ameshazikwa. Nilichoweza kutamka ni pole. Yeye akaikunja bahasha yake mara moja, akaitazama, kisha akaipenyeza chini ya vyuma vya dirisha, akaisukuma upande wangu.

"Niwekee kwenye sefu, Mama. Sasa haina haraka."

Akaondoka. Nyuma yake walikuwa wamebaki watu mia moja na thelathini na tisa, na niliwalipa wote, sikukosea hata dirhamu moja. Kisha nikaenda chooni nikafungua bomba, nikalia pale mpaka Sir akaja kugonga mlango akidhani naumwa. Nilipomweleza alisikitika kweli, akasema lakini nilifuata utaratibu. Kweli nilifuata utaratibu. Utaratibu niliutunga mwenyewe, na mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Lililonitafuna zaidi ni dogo kuliko hayo yote. Siku ile ya Jumanne, nilipomwambia asubiri, nilikuwa na bangili mbili za dhahabu mkononi, za mahari yangu. Moja tu ingelipa tiketi ya kwenda na kurudi. Satwa pale nilipokaa kulikuwa na sonara kila baada ya duka la tatu. Ningejua kwamba yule mzee yuko juu ya ardhi anangojwa na mwanawe, ningeivua palepale, sikuwa na roho ya uchoyo. Nilikosa kujua tu, na kutojua kwangu kulikuwa kwa kujitakia, kwa kuwa niliyekuwa namhitaji anieleze alikuwa amesimama mbele yangu.

Nilijaribu kutengeneza. Wiki ile ile nilinunua tiketi nikampelekea chumbani kwao. Akaikataa kwa adabu. Aliniambia kwenda sasa ni kuwaongezea mama na wadogo zake msiba wa pili, afadhali angoje likizo yake aende na kitu mkononi. Ile bahasha ilikaa kwenye sefu mpaka karibu na Pasaka. Kila asubuhi nilipofungua sefu kutoa daftari niliiona na jina lake kwa mwandiko wangu. Alipokuja kuichukua alisema ni ya kujengea kaburi kwa saruji. Safari hii pia sikumuuliza, alisema mwenyewe.

Tangu hapo nilimwasi Mzee Hamdani. Mtu akija dirishani na habari ya msiba, Muislamu, Mkristo, Mhindu, nilimuuliza swali la kwanza: ameshazikwa? Wapo walioliona swali la ajabu, na Mhindi mmoja alinitazama kana kwamba nataka kumnyang'anya maiti wake, mpaka nikamweleza. Lakini kwa swali lile nilikuja kuwajua watu wangu kuliko miaka yote ya nyuma. Nikajua nani anachoma, nani anazika leo, nani anangoja wiki tatu mpaka mjomba afike kutoka Ulaya. Nilimwandikia Mzee Hamdani barua nikamweleza yote. Alikuwa amesharudi Pemba. Alijibu kwa mstari mmoja, kwamba kanuni ni ya siku za kawaida, na kwamba yeye hakuwahi kuchagua kumi kati ya mia na arubaini. Sijui alinilaumu au alinionea huruma.

Felista hakubadilika kwangu. Hilo nalo lilikuwa gumu. Alinipa shikamoo kila siku, alinitania kuhusu miwani yangu, alipopata usimamizi wa zamu alinipa habari mimi kwanza. Sikuwahi kumwomba radhi. Kila nilipotaka, niliona kama ni kumfungulia kidonda ili mimi nipate usingizi. Miaka ikapita hivyo. Bahasha zenyewe zikaondoka, mishahara ikaanza kupelekwa benki, na mimi nikabaki natazama namba kwenye kompyuta, Mama Bahasha asiye na bahasha.

Mwishoni mwa miaka ile ya elfu mbili mama yangu mzazi alifariki Unguja. Kaka yangu alinipigia simu baada ya magharibi kunipa habari. Mama alikata roho baada ya adhuhuri, na alasiri walikuwa wameshamaliza. Ndivyo tulivyo, na ndivyo inavyotakiwa, na ni mimi niliyekuwa nikiwafundisha watu hivyo. Pesa ya tiketi nilikuwa nayo siku hiyo. Haikuwa na pa kuniwahisha.

Kesho yake majirani wa Satwa walikuja, wanawake wa Kizanzibari, tukasoma. Walipoondoka akaja Felista na chupa ya chai, amevaa gauni la kanisani. Alivua viatu mlangoni, akakaa mkekani karibu yangu.

"Mama, ameshazikwa?"

Nikamwambia tangu jana alasiri.

"Hawakukungoja?"

"Sisi hatungoji, mwanangu."

Akashika mkono wangu. Ndipo yale niliyoyaficha miaka yote yakatoka. Nilimwambia kwamba siku ile dirishani nilidhani baba yake ameshalala kaburini. Nilimwambia sikumkatalia maziko, nilimkatalia matanga tu, na kwamba ningejua ningevua bangili. Nilimwomba anisamehe. Nililia kama mtoto, na hata sasa sijui machozi yale yaligawanyika vipi baina ya mama yangu na mzee yule nisiyemjua.

Felista alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa analia naye, mara ya kwanza kumwona akilia.

"Mimi nilikusamehe siku nyingi, Mama," akasema. "Lakini baba alikuwa ananingoja mimi. Siwezi kumsemea."

Nikamwambia najua. Akafungua chupa, akanimiminia chai, na tukakaa pale mpaka ikapoa.